Wana Ngarambe, Mbio Zetu Tuzihamishie Asubuhi

Kaskazi imeingia, na kama mnavyojua wenyewe, kuanzia Desemba mpaka masika yaanze, jua la huku kwetu Rufiji halina mchezo. Upepo wa baharini unatufikia ukiwa umebeba mvuke, na mtu akisimama tu chini ya mwembe shati linamganda mgongoni. Katika hali hiyo hiyo, alasiri jua likiwa bado kali, vijana wetu wanatoka kupiga mbio kwenye barabara ya mchanga. Ombi langu ni moja: mbio hizo tuzihamishie asubuhi, kukishapambazuka, na tuzifanye kwa pamoja.

Siji kuwafundisha watu wa Ngarambe kuamka. Nani hapa anaanza kupalilia saa nane mchana? Mkulima huondoka nyumbani umande haujakauka, akalima mpaka jua lianze kuuma, kisha akatafuta kivuli. Aliyelala dunguni usiku kucha akiamia shamba, naye anaijua saa ya kushuka na saa ya kujinyoosha. Wavuvi wa kule delta wanafuata maji kujaa na maji kupwa. Kazi zetu zote tumezipangia saa inayofaa mwili. Mbio ndizo tulizoziacha zifuate kengele ya shule na ratiba ya mpira, na ndiyo maana zinaangukia kwenye saa mbaya.

Mwangalieni kijana anayerudi kutoka mazoezi ya alasiri mwezi wa Januari. Macho yamekuwa mekundu, midomo imekauka, na kwenye fulana kuna mistari myeupe ya chumvi pale jasho lilipokaukia. Anainama, anashika magoti, hawezi kujibu salamu. Wenzake wanamcheka kwamba hana pumzi. Pumzi anayo. Kilichomshinda ni joto.

Mwili wenye afya hukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Mlango wake mkubwa ni jasho. Lakini jasho haliupoozi mwili kwa kutiririka, linaupooza kwa kukauka. Hewa ikishajaa mvuke, kama ilivyo kwetu wakati wa kaskazi, jasho linadondoka chini bure na joto linabaki ndani. Hapo moyo unapata kazi mbili kwa mpigo: kupeleka damu kwenye misuli ili miguu iende, na kuipeleka kwenye ngozi ili ikapoe. Ndiyo sababu mwendo uliokuwa mwepesi mwezi wa Julai, wakati wa kusi, unakuwa mzito Januari kwa mtu yule yule na barabara ile ile.

Kuna hatua ya mbele zaidi, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Joto la mwili likipanda kufika nyuzi 40 na kuendelea, mtu huanza kuyumba, kutapika, kuongea yasiyoeleweka, hata kuzirai. Hapo ana hatari ya kufa. Likitokea hilo, msianze kwa kutafuta pikipiki. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kanga zilizoloweshwa, na msiache kummwagia. Mwingine ndiye atafute usafiri wa kwenda zahanati huku nyinyi mnaendelea kumpoza. Ukimkuta amechanganyikiwa usimlazimishe kunywa maji, yatampalia. Haya kila mwalimu wa michezo na kila nahodha wa timu anapaswa kuyajua kwa moyo.

Niseme ukweli wote: asubuhi nayo ina unyevu, tena kwa kipimo unyevu wa hewa asubuhi ni mkubwa kuliko wa mchana. Lakini joto lenyewe liko chini, jua halijaanza kupiga utosini, na ardhi imepoa usiku kucha. Ukipima yote kwa pamoja, asubuhi inashinda kwa mbali.

Wanaoishi kwa mbio wamelitambua hilo zamani. Mwaka 2019, mashindano ya dunia yalipofanyika Doha, mbio za marathoni za wanawake zilianzishwa karibu na saa sita ya usiku ili kukwepa jua, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 walishindwa kumaliza kwa sababu ya joto na unyevu. Hao ni watu waliojiandaa miaka mingi, wenye madaktari pembeni na vituo vya maji njiani. Septemba 2025 mashindano yakawa Tokyo. Waandaaji walipoona joto la jiji lile, wakauwahisha mwanzo wa marathoni kwa nusu saa, ikaanza saa moja na nusu asubuhi. Hiyo ndiyo mbio aliyoshinda Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu tarehe 15 Septemba, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia ya sekunde. Bingwa wa dunia amepatikana kwenye mbio iliyowahishwa asubuhi kwa ajili ya joto. Vijana wetu wanaomshangilia Simbu wachukue na saa yake.

Nimesikia baadhi yenu mkisema: kama tatizo ni jua, basi tukimbie likishazama. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana Ngarambe haiko Mbagala. Dar es Salaam mtu anaweza kukimbia baada ya magharibi chini ya taa za barabarani. Sisi tunapakana na pori, na ng'ambo ya mashamba yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyotengwa kutoka Selous mwaka 2019. Wazee hawajasahau simba wa Rufiji. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, watu 35 waliuawa katika vijiji vyetu mpaka simba yule alipopigwa risasi, akakutwa na jipu kubwa chini ya jino lililovunjika. Watafiti waliopitia mashambulizi ya simba yaliyotokea nchini kati ya mwaka 1988 na 2009 wakachapisha matokeo mwaka 2011: saa za hatari kuliko zote ni zile za mwanzo wa usiku, tangu jua kuzama mpaka karibu saa nne, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapotanda kabla mwezi haujachomoza. Kwa hiyo jioni ya giza si mbadala wa alasiri ya jua.

Asubuhi pia haiko salama yenyewe tu. Tembo walioingia mashambani usiku hurudi porini karibu na mapambazuko, na hakuna mbio za kumshinda tembo mwenye mtoto. Ndiyo maana nasema kukishapambazuka, wala si alfajiri ya giza. Januari na Februari jua la kwetu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu, na mwanga wa kuona njia unatangulia kwa dakika ishirini hivi. Watu wengi hapa tunakuwa tumeshaamka kwa swala ya alfajiri. Anayetoka msikitini akaenda kubadili nguo na kunyoosha viungo, atakuta kumekucha sawasawa. Tukianza saa kumi na mbili na robo, saa moja kasorobo tumemaliza, mwanafunzi anawahi shule na mkulima anawahi shamba.

Njia nayo tuichague kwa busara. Tusiende upande wa pori wala kwenye vichochoro vya mashamba yenye nyasi ndefu. Tubaki kwenye barabara kubwa katikati ya nyumba, twende na kurudi hata mara nne, haidhuru kama njia ni fupi. Na hapa nawageukia askari wetu wa wanyamapori wa kijiji. Kupitia jumuiya ya MUNGATA, iliyounganisha Muyuyu, Ngarambe na Tapika, tunao vijana wanaojua kusoma nyayo kuliko mtu yeyote. Tunawaomba kitu kidogo: kila asubuhi, kabla hatujaanza, mmoja wao atuambie tembo wamepita wapi usiku. Akisema leo msikimbie, tunarudi nyumbani bila ubishi.

Kukimbia kwa pamoja si jambo la kuanzia sifuri. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii amekimbia mchakamchaka. Mnakumbuka kiongozi anaanzisha, sisi tunaitikia, miguu inashika mapigo ya wimbo. Kuna hekima kubwa ndani ya utaratibu ule. Mtu anayeimba hawezi kwenda kasi ya kujiumiza, na mwenye pumzi ndogo anaburutwa na sauti za wenzake. Sioni kwa nini mchakamchaka umalizike darasa la saba. Mama wa miaka hamsini mwenye presha ya kupanda anauhitaji kuliko mtoto wa miaka kumi, ilimradi apite kwanza zahanati kupima na aanze kwa kutembea.

Akina mama ndio wanaonipa mawazo zaidi. Tukisema saa kumi na mbili na robo, wengi wao wako kwenye maji, kwenye kuni, kwenye uji wa watoto. Wito wa kukimbia asubuhi ukibaki hivyo hivyo utakuwa wito wa wanaume peke yao. Basi akina baba, siku mbili kwa wiki chukueni ndoo nyinyi. Na vikundi vya akina mama vikimbie vyenyewe vikipenda, kwa dera na suruali ndani, na mtandio kichwani, kwa mwendo wao. Jijini akina mama wanafanya hivyo kila mwisho wa wiki kwenye vikundi vya jogingi na hakuna anayewashangaa.

Wanaoanza sasa wasijitutumue. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto, hata la asubuhi. Katika muda huo jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na linapoteza chumvi kidogo. Wiki ya kwanza tembeeni na kukimbia kwa zamu. Kunyweni maji kabla ya kutoka, na mkojo uwe wa rangi hafifu. Ukiwa kama chai ya rangi, siku hiyo pumzika. Mwenye siko seli, na pwani yetu wako wengi, asisukumwe wala asishindanishwe, akae na kundi la kutembea na maji yawe karibu naye. Mbu bado wanauma saa hizo, soksi ndefu na suruali ni bora kuliko kaptura.

Na Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia humu humu kwenye joto? Hapo ratiba ibadilike. Aliyefunga akitoka jasho asubuhi hana pa kulirudishia mpaka magharibi. Mwezi huo tutembee tu, taratibu, saa moja kabla ya futari, tukiwa nyumbani kabla jua halijazama.

Ngarambe si kijiji cha kusubiri wengine waanze. Mwaka 1904 na 1905 watu walitoka Umatumbi na pande zote za Rufiji, kwa miguu, makundi kwa makundi, wakaja hapa kwa Kinjeketile Ngwale kuchukua maji ya dawa, wakapokewa, wakapangwa, wakafanyishwa mazoezi ya kivita, wakarudi kwao. Kinjeketile mwenyewe Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Watu wa kijiji hiki waliweza kuwapanga maelfu ya wageni. Kupanga wakimbiaji hamsini wa kijiji chenyewe hakutatushinda.

Kwa hiyo namwomba mwenyekiti wa kijiji aliweke jambo hili kwenye ajenda za mkutano mkuu ujao, ule wa kila miezi mitatu. Walimu waje na maoni yao kuhusu kuyatoa mazoezi ya mbio kwenye alasiri mpaka masika yapite. Timu za mpira zikubali angalau kuanza mazoezi jua likishalegea na kumaliza kabla ya giza. Waendesha bodaboda wawili wajitolee kuwa macho kila siku ya mbio, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mmoja wao awe na namba ya simu ya zahanati. Mkutano ndio utakaochagua mtu wa kupuliza filimbi. Tuanze na Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano, mbele ya shule. Dumu la maji na vikombe nitabeba mimi.