Breka Kuukuu ni Mlinzi Aliyesinzia

Kuna mazoea mabaya yaliyotia mizizi katika nyumba na shule zetu. Saketi breka ikijizima mara mbili tatu, husemwa kuwa imeharibika, na fundi asiye na leseni huitwa kuweka nyingine "yenye nguvu zaidi". Umeme haukatiki tena, na wote hufurahi. Kumbe mlinzi amefukuzwa kwa kosa la kupiga kamsa!

Ieleweke kwamba kazi ya breka ni kulinda nyaya zilizofichwa ukutani. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zitanukazo kwa viwango tofauti zipatapo joto, kama wanafunzi wa Fizikia wajuavyo. Mkondo ukizidi, utepe hujipinda na kufyatua swichi. Mna pia koili ambayo hugeuka sumaku na kukata umeme papo hapo nyaya zigusanapo.

Hebu tupige hesabu. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,600, zikitumiwa pamoja kwenye volti 240, huvuta ampea 15. Breka ya ampea 10 itajizima, na ni haki yake. Ile ya ampea 32 itanyamaza hata mzigo huo ukirudufishwa, huku waya mwembamba wa taa ukiungua kimyakimya.

Hata breka iliyowekwa ipasavyo haidumu milele. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60898 hudai ihimili kuwashwa na kuzimwa mara 4,000 ikiwa na mzigo. Kwa kawaida hukadiriwa kudumu miaka 30 hadi 40, lakini vumbi, unyevu, hewa ya chumvi kama ya pwani yetu, na joto la nyaya zilizolegea huupunguza umri huo. Isitoshe, breka ambayo haijajizima kwa miaka mingi si lazima iwe nzima, huenda imekwama. Ikinuka moshi, ikibadilika rangi au kitenzo chake kikikataa kukaa, haina budi kubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kile kile.

Kwa hivyo, kila bodi ya shule yapaswa kuweka daftari la breka zake: zilifungwa mwaka gani, ni za ampea ngapi, na zinalinda waya wa unene gani. Fundi mwenye leseni ya EPRA azikague wakati wa likizo. Nacho kitufe cha majaribio, kwenye kifaa kinachomkinga mtu na mshtuko wa umeme, kibonyezwe kila muhula.

Watakaodai kwamba fedha hazitoshi na wakumbuke kuwa breka moja ni rahisi kuliko kitanda kimoja cha bweni. Mdharau mwiba, guu huota tende. Shule inayofundisha somo la umeme ubaoni haina udhuru wa kulisahau sandukuni mlangoni pa bweni, mahali wanafunzi wale wale wanapolala.