Hekta zimetimia, mbao hazipo

Rwanda ilitaka misitu ifunike asilimia 30 ya nchi, na ikafaulu: takwimu za mwaka 2019 zilionyesha asilimia 30.4, zaidi ya nusu yake ikiwa misitu ya kupandwa, hasa mikaratusi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila seremala wa Gisozi, jijini Kigali, hanunui asilimia. Anatafuta ubao mpana, mkavu, ulionyooka, na mara nyingi anaupata uliovushwa mpaka kutoka Kongo au Tanzania.

Sababu haijajificha. Sehemu kubwa ya misitu hii ya kupandwa ni vipande vya watu binafsi, vingi havifiki hekta 2. Karo ikidaiwa, mti hukatwa ungali mwembamba, ukauzwa kuwa nguzo, kuni au makaa. Visiki huachwa vichipue, vikakatwa tena na tena hadi vichoke. Miti imesongamana, haipunguzwi wala haipogolewi, na mbegu yake mara nyingi haikuchaguliwa. Msitu wa namna hiyo huonekana vizuri kwenye ramani, lakini mbao hautoi.

Kumlaumu mkulima ni kukwepa. Mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha kukata ndiye wa kuulizwa kilichoota baada ya shoka. Kila msimu wa mvua viongozi hupanda miche mbele ya kamera. Wanaorudi kuihesabu baada ya miaka mitatu ni wachache mno.

Imihigo ya mameya, yaani mikataba yao ya utendaji, ibadilishwe. Wilaya ipimwe kwa miti iliyo hai na ujazo wa mbao unaoongezeka, si kwa idadi ya miche iliyotoka kitaluni. Mamlaka ya Misitu ichapishe takwimu hizo, wilaya kwa wilaya, kila mwaka. Wenye vipande kwenye kilima kimoja waunganishwe katika ushirika wenye mpango mmoja wa kuvuna, na benki ziwape mikopo inayosubiri mti ukomae. Bila hivyo, kumtaka mkulima asubiri miaka 15 ni kumtaka afadhili taifa kutoka mfukoni mwake. Mikataba ya wawekezaji waliokodishwa misitu ya serikali iwekwe hadharani, na anayekata bila kupanda anyang'anywe.

Wilaya isiyoweza kuonyesha ilipo miche ya misimu iliyopita isipewe mingine.