Timu ni Mali ya Nani? Ihefu na Wachangiaji wa Igowole

Katika soko la Igowole, wilayani Mufindi, mfanyabiashara wa mbao hakabidhi fedha kabla ya kujua mzigo ni wa nani na nani mwenye mamlaka ya kuuuza. Tahadhari hiyo hutoweka linapokuja suala la mpira. Daftari la michango ya timu likipita, watu hutoa bila kuuliza ni jina la nani lililo kwenye hati ya usajili.

Yaliyotokea Mbarali, mkoani Mbeya, yangetosha kuwazindua. Ihefu, timu yenye jina la bonde oevu la Usangu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarejea 2022. Novemba 29 mwaka huo iliifunga Yanga 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estates na kuvunja rekodi yake ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakulima wa mpunga walishangilia kama wenye mali. Hawakuwa wenye mali. Nafasi katika Ligi Kuu ni bidhaa inayouzika, na kabla msimu wa 2023/24 haujamalizika Ihefu ilikuwa imehamia Singida. Mwaka 2024 hata jina lilibadilishwa, ikawa Singida Black Stars.

Singida wenyewe wasishangilie mno. Singida Big Stars ya 2022 iligeuka Singida Fountain Gate mwaka 2023, kisha ikawa Fountain Gate na kuhamia Manyara.

Wanaodhani huu ni uchanga wa soka la Tanzania watazame Uingereza, ambako mashabiki wa Igowole hulipia kiingilio cha kibanda kila Jumamosi. Wimbledon, bingwa wa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool, ilihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003 na mwaka uliofuata ikabadilishwa jina. Mashabiki walikuwa wameshaona mwisho wake. Mwaka 2002 walianzisha AFC Wimbledon, timu waliyoimiliki wenyewe kupitia chama chao, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Mwaka 2011 ilifika Ligi Daraja la Pili, ambalo ni daraja la nne la kulipwa nchini humo.

Umiliki wa umma hauleti ushindi, hilo likubalike. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza wa 2013/14, mbele ya Simba, na mwaka 2023 ikashuka. Lakini ilishuka ikiwa Mbeya, na mwaka 2025 ikapanda tena ikiwa Mbeya. Muuza chipsi wa pale hakulazimika kutafuta mji mwingine wa kufuata wateja wake.

Mkoani Iringa, Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 na kushuka daraja mwaka 2020. Atakapokuja mtu Igowole na daftari la kuifufua, au la timu nyingine yoyote, mwenye duka aulize kwanza kama mchango wake ni hisa au sadaka. Simba, katika mfumo wake wa hisa, iliwatengea wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49. Asiyeonyeshwa hesabu ya namna hiyo kwa maandishi, na kipengele kinachozuia timu kuhamishwa bila kura ya wanachama, anunue tiketi ya mechi tu, na fedha iliyobaki airudishe kwenye mbao.