Uchungu Hauna Saa: Lugha na Uzazi wa Dharura

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama anaposhikwa na uchungu usiku huko Kawangware au Kangemi, na gari la wagonjwa likakawia, aghalabu tunalaumu msongamano wa Barabara ya Ngong na vichochoro visivyopitika. Lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, kipo kikwazo kingine tunachokipuuza, nacho ni lugha.

Udaktari na uuguzi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Jirani anayepiga simu husema kwamba chupa imepasuka, mtoto ametanguliza miguu, au kondo la nyuma halijatoka. Kila kauli ina uzito wake. Chupa ikipasuka, pengine upo wasaa wa kufika hospitalini. Kondo likikwama, mama aweza kuvuja damu hadi kufa. Neno "uchungu" lenyewe lina utata: ni maumivu, ni huzuni, tena ni dalili kwamba mtoto yu njiani. Asiyeuliza swali la pili huenda akatuma gari lisilo na mkunga.

Kisha kuna majina ya mahali. Katikati ya jiji, dereva huelekezwa kwa jina la barabara na la jengo. Kawangware, ambako nyumba nyingi hazina nambari, mwenyeji hutaja kituo cha matatu, kanisa au kioski. Hiyo ndiyo anwani yake, na yapasa ijulikane kabla ya simu kulia.

Wapo watakaouliza kwa nini akina mama wasiende hospitalini mapema, ilhali mwaka 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Jibu ni kwamba uchungu hauna saa, na usiku nauli na usalama ni adimu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havina budi kusomwa pamoja, kwani asiyeeleweka hatibiwi ipasavyo.

Basi idara za Kiswahili vyuoni zishirikiane na wakunga kuandaa maswali mafupi ya kumuuliza mpiga simu, pamoja na orodha ya majina ya vituo kama wenyeji wanavyoyatamka. Walimu na wanafunzi wetu wanaiweza kazi hiyo. Istilahi zisizomfikia mama huyo zina faida gani?