Kabla ya Kuhesabu Sadaka

Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika parokia ya Soweto, Nairobi, akatoa pesa kwa kwaya na kwa ujenzi wa nyumba ya mapadri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa. Wasomaji wa Migori na Homa Bay wanamjua Anyolo: tangu 2003 hadi 2018 alikuwa askofu wa Jimbo la Homa Bay, linalohudumia kaunti zote mbili. Toleo hili linaanzia hapo, kwa sababu uamuzi ule ulizua upya swali ambalo Maandiko huliuliza mara nyingi kuliko sisi: mali hii imepatikanaje?

Mimbari zetu zina mahubiri mawili kuhusu mali. La kwanza humsifu Ibrahimu na mifugo yake, humwahidi mtoa zaka baraka tele, na kumhimiza fukara apande mbegu. La pili humtisha tajiri kwa ngamia na tundu la sindano, kisha humwacha maskini ajifariji kwa ufukara wake. Kila upande una aya zake, na mabishano hayaishi. Lakini pande zote mbili huanza kuzungumza pesa zikishafika kikapuni.

Maandiko huanza mapema zaidi. Katika waraka wa Yakobo, ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Mungu. Mkulima wa miwa wa Awendo aliyesubiri malipo hadi mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo hahitaji kufafanuliwa aya hiyo. Zakayo anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumlipa mara nne. Fungu la hekalu halitajwi. Hata makuhani wakuu, waliporudishiwa vipande thelathini vya fedha na Yuda, walikataa kuvitia hazinani kwa kuwa ni bei ya damu, ingawa wao ndio waliovilipa.

Sasa tutazame sadaka zetu. Katika machimbo ya Nyatike, wanawake huosha mchanga wa dhahabu na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Kandokando ya ziwa, Mbita na kwingineko, wapo wachuuzi wanaolazimika kulala na wavuvi ili wapate samaki wa kuuza. Desturi hiyo huitwa jaboya, na ufuoni si siri. Faida ya dhahabu na samaki hao huingia kanisani Jumapili, au Jumamosi kwa Wasabato, na hakuna anayeiuliza ilikopita.

Mfano tunaoupenda wakati wa harambee ni wa mjane na senti zake mbili, nasi huusoma kuanzia katikati. Punde kabla yake, katika Injili ya Marko, Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara baada yake anatabiri kubomolewa kwa hekalu lenyewe. Katika kaunti ambamo Ukimwi umeacha wajane wengi, wengine wakinyang'anywa mashamba na jamaa za marehemu, anayemsifu mama huyo kwa kutoa senti ya mwisho aulize kwanza ni nani aliyembakishia senti mbili tu.

Tutaambiwa kanisa haliendeshwi bila pesa. Ni kweli. Wamisionari Wasabato walifika Gendia mwaka 1906, na Hospitali ya Kendu inayotokana na kazi yao haikujengwa kwa maombi peke yake. Hatutaki mhazini amhoji kila mama mwenye noti ya hamsini. Tunataka bahasha ikizidi unene, maswali nayo yazidi: mchango wa mheshimiwa, wa mnunuzi wa dhahabu au wa mwenye mashua nyingi uelezwe ulikotoka mbele ya waumini, na usipoelezeka urudishwe. Kanisa lililokwisha kula bahasha litamkemeaje aliyeileta?

Makala zinazofuata zinatoka machimboni, ufuoni na mashambani, na waandishi wake hawakubaliani kuhusu zaka wala kuhusu wanasiasa mimbarini. Tunawaomba wazee wa kanisa na mabaraza ya parokia wazisome pamoja kabla ya harambee ijayo, mhazini akiwepo.