Kentucky: msimu wa 2022-2023 Oscar hakuwa peke yake

Sisi watu wa Lubumbashi tulikuwa na sababu ya kufuata ekipe ya basketi ya chuo kikuu cha Kentucky, kule Marekani. Oscar Tshiebwe, mtoto wa mji wetu, alikataa kwenda haraka; alirudi kwa msimu wa 2022-2023. Msimu wa 2021-2022 alikamata zaidi ya baloni 15 zinazorudi kikapuni kwa kila mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote.

Lakini tusisahau mwezi wa tatu wa 2022. Alitia pointi 30, akakamata baloni 16, na bado Saint Peter's, chuo kidogo, ikawatoa 85-79 katika mechi yao ya kwanza ya mashindano ya taifa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo maana mimi nilikuwa na tumaini kwa msimu wa 2022-2023. Wheeler na Toppin walibaki. Antonio Reeves, mtupaji mzuri wa mbali, alifika. Kijana Cason Wallace aliingia. Wale wangetia, wapinzani hawangemzunguka Oscar watu watatu. Kentucky ilikuwa inangoja kikombe tangu 2012. Basi nilitaka Calipari, kocha wa wakati ule, asimubebeshe mtoto wetu muzigo wote tena.