Nani Aweke Ukingo?

Ndugu zetu, leo tuongee majengo. Mtasema hayo ni ya mainjinia. Hapana, ni yetu pia. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo kwenye paa, maana watu wa kule walikuwa wanakaa juu ya paa. Mtu akianguka, hatia ni ya nyumba. Angalieni vizuri: haambiwi mgeni achunge anapokanyaga. Anaambiwa mwenye kujenga.

Sasa twende Busia. Zamani ofisi za mpaka za Uganda na Kenya zilikuwa mbali mbali, na katikati unajibebea mzigo wako. Vijana wa baiskeli wakaanza kubeba watu toka boda hadi boda, ndio tukapata jina bodaboda. Watu wenye ulemavu nao wakavusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Shimo lililoachwa na wapangaji lilizibwa na wanyonge.

Februari 2018 marais Museveni na Kenyatta wakafungua kituo cha pamoja. Ukitoka Uganda, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya. Kwa lori ni nafuu kubwa. Lakini mama wa Masinya mwenye beseni la nyanya je? Mbona wengi kama yeye bado wanapita njia za panya? Wapo wanaokwepa ushuru, kweli. Ila wengine wanaogopa foleni, sare, na fomu wasizoweza kusoma. Nyanya hazingoji.

Kambini ni vile vile. Foleni ya chakula iko juani. Choo hakina komeo, kwa hiyo wasichana wanajizuia mpaka giza, na giza nalo lina hatari zake. Likitokea jambo, tunauliza, "Alienda kufanya nini huko usiku?" Swali hilo tunamuuliza mtu asiye sahihi.

Ndugu wa mashirika, tunawaomba kitu kimoja. Kabla fundi hajachimba msingi, muiteni atakayepanga foleni: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, mwenye kiti cha magurudumu. Wasikilizwe kabla ramani haijapitishwa, siyo siku ya kukata utepe. Na sisi vijana wa kujitolea tusiwe wa kupiga picha tu mbele ya jengo jipya. Tuulize kivuli kiko wapi, komeo liko wapi. Hizo si zawadi. Ni ukingo wa paa, na aliyejenga anadaiwa.